Kihisi cha oksijeni chenye kipasha joto

Kihisi cha oksijeni chenye kipasha joto ni kifaa kidogo cha kauri na chuma kinachofungwa kwenye bomba la moshi (ekzosi) la gari ili kupima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua ndani ya injini. Kompyuta ya injini hutumia kipimo hicho kuongeza au kupunguza petroli inayopulizwa na nozeli. Mafundi wa Afrika Mashariki hukiita kwa kawaida oksijeni sensa. Jina lake lingine ni kihisi cha lambda, kutokana na herufi ya Kigiriki λ inayotumiwa na wahandisi kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta.

Kauri ya kihisi haifanyi kazi ikiwa baridi. Vihisi vya kwanza vilitegemea joto la moshi peke yake, kwa hiyo vilichelewa kuanza kazi kila gari lilipowashwa. Kipasha joto cha umeme kiliongezwa ili kihisi kianze kupima mapema na kibaki na joto la kutosha hata injini ikiwa imesimama kwenye sailensa. Magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, pamoja na yale yanayoingizwa Tanzania na Kenya kutoka Japani yakiwa yametumika, yana kihisi kimoja au zaidi cha aina hii.

Kwa nini oksijeni hupimwa

Petroli inahitaji kiasi maalumu cha hewa ili iungue yote bila kubaki mafuta wala oksijeni. Kwa petroli ya kawaida kiasi hicho ni kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Uwiano huo huitwa λ = 1. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwembamba na λ hupita 1. Mafuta yakizidi, mchanganyiko huwa mzito na λ hushuka chini ya 1.

Mchanganyiko mzito hutoa kaboni monoksidi na petroli isiyoungua, na hupoteza fedha za mwenye gari. Mchanganyiko mwembamba huacha oksijeni nyingi katika moshi. Ukizidi sana injini hukosa nguvu na hukatakata.

Sababu kubwa ya kupima kwa makini ni kisafishaji cha moshi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega kwa sababu ndani yake kuna vitundu vingi kama sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa platini, paladi na rodi. Metali hizo huchochea mabadiliko matatu kwa pamoja: kaboni monoksidi huwa kaboni dioksidi, mabaki ya petroli huwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni. Mabadiliko mawili ya kwanza yanahitaji oksijeni, na la tatu linahitaji oksijeni iondolewe. Yote matatu hufanyika vizuri pale tu λ inapokuwa karibu sana na 1. Kabureta haiwezi kushika uwiano huo kwa hali zote za mwendo, mzigo na joto. Ndiyo maana masega na kihisi cha oksijeni huenda pamoja: masega bila kihisi kizima husafisha sehemu tu ya moshi, na yanaweza kuharibika yakipokea petroli isiyoungua kwa muda mrefu.

Historia

Kauri inayotumika katika kihisi ilijulikana kabla ya gari kuenea. Mwaka 1897 mwanakemia Mjerumani Walther Nernst alibuni taa ya umeme iliyotumia kijiti cha dioksidi ya zirikoni kilichochanganywa na oksidi ya yitri. Kijiti hicho hakikupitisha umeme kikiwa baridi. Ilibidi kipashwe joto kwanza, ndipo kiwake. Tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya kihisi cha leo kihitaji kipasha joto. Nernst pia ndiye aliyetunga mlinganyo wa volti ya seli za kemia unaofundishwa katika kemia ya sekondari ya juu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1920.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitengeneza kihisi cha kwanza cha kufungwa kwenye magari ya kuuzwa, nacho kiliingia sokoni mwaka 1976 katika magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani, ambako jimbo la California lilikuwa na masharti makali ya moshi. Kihisi hicho kilikuwa na umbo la kidole na hakikuwa na kipasha joto. Mwaka 1982 kilifuata kihisi chenye kipasha joto. Katika miaka ya 1990 vilikuja vihisi bapa vyenye tabaka nyembamba za kauri, pamoja na vihisi vya upana vinavyoweza kupima uwiano wowote wa hewa na mafuta. Kuanzia mwaka 1996 magari mapya ya abiria ya Marekani yalitakiwa kuwa na mfumo wa kujichunguza, na hapo kihisi cha pili, kinachofungwa baada ya masega, kikawa cha kawaida.

Kanuni ya kemia

Kihisi ni seli ya umeme. Katika betri ya gari elektrolaiti ni asidi, lakini katika kihisi elektrolaiti ni kauri ngumu ya dioksidi ya zirikoni (ZrO₂). Kauri hiyo huchanganywa na asilimia chache za oksidi ya yitri (Y₂O₃). Atomu ya yitri ina chaji pungufu kuliko atomu ya zirikoni inayochukua nafasi yake, kwa hiyo baadhi ya nafasi za oksijeni ndani ya kauri hubaki wazi. Kauri ikipata joto, ioni za oksijeni huruka kutoka nafasi moja wazi hadi nyingine. Elektroni haziwezi kupita kwa urahisi. Ioni za oksijeni hupita.

Upande mmoja wa kauri unagusa hewa ya nje, ambayo ina oksijeni asilimia 21 hivi. Upande wa pili unagusa moshi. Pande zote mbili zimepakwa utando mwembamba wa platini wenye vitundu, ambao ni elektrodi. Upande wa hewa molekuli za oksijeni huchukua elektroni:

O₂ + 4e⁻ → 2O²⁻

Ioni hupita katika kauri kuelekea upande wenye oksijeni kidogo, na huko huachia elektroni:

2O²⁻ → O₂ + 4e⁻

Upande wa hewa hupungukiwa na elektroni na kuwa chanya. Upande wa moshi huwa hasi. Volti kati yao hutolewa na mlinganyo wa Nernst:

E = (RT/4F) × ln(P₁/P₂)

Hapa P₁ ni kanieneo ya oksijeni katika hewa na P₂ ni ile ya moshi, T ni halijoto kwa kelvini, R ni 8.314 na F ni 96,485. Namba 4 inatokana na elektroni nne za kila molekuli ya oksijeni.

Mfano: tuchukue kauri yenye halijoto ya kelvini 900, yaani nyuzi 627 za selsiasi. RT/4F ni volti 0.0194. Mchanganyiko ukiwa mwembamba na moshi ukibaki na oksijeni asilimia 1, P₁/P₂ ni 0.21 ÷ 0.01 = 21, ambayo logi asilia yake ni 3.04. Volti ni 0.06. Mchanganyiko ukiwa mzito, oksijeni huru karibu yote huliwa juu ya platini na kanieneo yake inaweza kushuka hadi sehemu 10⁻²⁰ za angahewa. Logi asilia ya 0.21 ÷ 10⁻²⁰ ni 44.5, na volti ni 0.86.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kihisi cha kawaida hutoa volti 0.1 hivi mchanganyiko ukiwa mwembamba na volti 0.9 hivi ukiwa mzito, na kwa nini volti huruka ghafla pale λ inapovuka 1. Kompyuta nyingi huchukua volti 0.45 kuwa mpaka. Volti ikiwa juu ya mpaka kompyuta hupunguza petroli. Ikiwa chini huongeza. Kwa sababu hiyo, volti ya kihisi kizima kwenye injini yenye joto haitulii, bali hupanda na kushuka mfululizo.

Platini ina kazi mbili. Hupitisha umeme, na pia huchochea kaboni monoksidi iungane na oksijeni palepale juu ya kihisi. Bila uchochezi huo volti isingeruka kwa ukali kwenye λ = 1.

Kazi ya kipasha joto

Chini ya nyuzi 300 hadi 350 za selsiasi ioni hazisogei kwa wepesi wa kutosha. Ukinzani wa kauri huwa mkubwa mno na kompyuta haiwezi kusoma volti yake. Wakati huo kompyuta hupuliza petroli kwa makadirio tu, na kwa kawaida huzidisha ili injini baridi isizime. Kihisi kisicho na kipasha joto kinaweza kuchukua dakika moja au zaidi kabla ya kuanza kazi. Chenye kipasha joto cha ndani huanza kwa nusu dakika hivi, na kihisi bapa kwa sekunde 10 hivi.

Dakika ya kwanza ina uzito kuliko urefu wake. Masega nayo huwa bado baridi, hayajafika nyuzi 250 hadi 300 ambapo huanza kusafisha. Kwa gari la safari fupi za mjini, sehemu kubwa ya uchafu wa safari nzima hutoka katika muda huo mfupi.

Kipasha joto kina faida nyingine. Kihisi kinaweza kufungwa mbali kidogo na injini, mahali ambapo hakitachomwa na moshi mkali wakati gari linapanda mlima na mzigo. Hubaki kazini gari likisimama kwenye foleni, wakati moshi ni kidogo na umepoa. Pia volti yake huaminika zaidi kwa sababu T katika mlinganyo wa Nernst haibadiliki sana.

Kompyuta haiwashi kipasha joto kwa nguvu zote mara moja. Injini inapowashwa mvuke uliomo katika moshi huganda kuwa matone ndani ya bomba baridi. Tone la maji likigonga kauri yenye joto kali, kauri hupasuka. Kwa hiyo kompyuta nyingi hupasha kidogo kwanza, husubiri bomba likauke, kisha huongeza nguvu.

Muundo

Kihisi cha umbo la kidole

Kiini chake ni kikombe chembamba cha kauri kilichozibwa upande mmoja. Unga wa zirikonia hushindiliwa katika kalibu, hunolewa kupata umbo, kisha huchomwa katika tanuri lenye nyuzi zaidi ya 1,400 hadi chembe zishikamane. Platini hupakwa ndani na nje. Juu ya platini ya nje huwekwa utando wa kauri yenye vitundu, ambao huruhusu gesi kupita lakini huzuia masizi na chembe zinazokwangua.

Kikombe hukaa ndani ya kikonyo cha chuma kisichoshika kutu chenye nyuzi za skrubu. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 18 kwa hatua ya milimita 1.5, na kichwa cha kufungia kwa spana ya 22. Kati ya kauri na chuma hushindiliwa unga wa talki ili moshi usivuje. Ncha inayoingia katika bomba hufunikwa kwa kofia ya chuma yenye matundu, inayopunguza kasi ya moshi na kukinga kauri dhidi ya matone ya maji.

Kipasha joto ni kijiti cha kauri chenye waya wa metali ndani yake, kinachochomekwa katikati ya kikombe, upande wa hewa. Nguvu yake huwa wati 12 hadi 18 hivi. Ukinzani wake huongezeka kadiri kinavyopata moto, kwa hiyo hujizuia chenyewe kisipite kiasi.

Kihisi bapa

Hapa hakuna kikombe. Karatasi laini za kauri ambayo haijachomwa huchapwa michoro ya platini, kama kitambaa kinavyochapwa kwa rangi, kisha hupangwa moja juu ya nyingine na kuchomwa pamoja kuwa kipande kimoja. Tabaka moja lina seli, jingine lina mfereji wa hewa ya nje, na la chini lina kipasha joto cha platini kilichozungushiwa alumina isiyopitisha umeme. Kwa kuwa kipande ni chembamba na kipasha joto kimeshikamana na seli, wati 7 hivi hutosha.

Kihisi cha upana

Kihisi cha kawaida huiambia kompyuta kama mchanganyiko ni mzito au mwembamba, lakini hakisemi kwa kiasi gani. Kihisi cha upana kina seli mbili na uwazi mdogo kati yao ambamo moshi hupenyeza. Seli moja hupima oksijeni ya uwazi huo. Ya pili ni pampu: ikipewa mkondo wa umeme huingiza au kutoa ioni za oksijeni. Kompyuta hurekebisha mkondo huo ili uwazi ubaki kwenye λ = 1. Ukubwa na mwelekeo wa mkondo ndio kipimo. Magari mengi ya Toyota ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yana kihisi cha mbele kinachopima kwa mkondo, ingawa kwa nje kinafanana na kihisi cha kawaida chenye waya nne. Viwili hivyo havibadilishani.

Kihisi cha titani

Baadhi ya magari, yakiwemo ya Nissan ya miaka ya nyuma, yalitumia dioksidi ya titani. Kifaa hicho hakizalishi volti. Ukinzani wake hubadilika kufuatana na oksijeni. Nacho hakiwezi kutumika badala ya kihisi cha zirikonia.

Waya

Kihisi kisicho na kipasha joto kina waya moja au mbili. Chenye kipasha joto kina tatu au nne: mbili za kipasha joto, moja ya ishara na, kama ni nne, moja ya ardhi ya ishara. Katika vihisi vingi vya Bosch waya mbili nyeupe ni za kipasha joto, nyeusi ni ya ishara na kijivu ni ya ardhi. Katika vingi vya Denso, ambavyo hupatikana kwenye magari ya Toyota, waya mbili nyeusi ni za kipasha joto, buluu ni ya ishara na nyeupe ni ya ardhi. Fundi anayeunganisha kihisi cha kampuni moja kwenye gari la nyingine kwa kufuata rangi peke yake anaweza kupeleka umeme wa betri kwenye waya wa ishara na kuunguza kihisi au kompyuta.

Katika vihisi vingi hewa ya kulinganishia huingia kupitia nafasi ndogo iliyopo kati ya nyuzi za waya, ndani ya ganda lake. Kwa hiyo plagi ya kihisi haipakwi grisi, na waya wake hauunganishwi kwa risasi ya kulehemu.

Kihisi cha mbele na kihisi cha nyuma

Kihisi kilicho kabla ya masega huongoza kiasi cha petroli. Kilicho baada ya masega huangalia kama masega yanafanya kazi. Masega mazima hutunza oksijeni ya akiba, hasa katika oksidi ya seri, na kuitoa inapohitajika. Kwa hiyo volti ya kihisi cha nyuma karibu haichezi. Ikianza kupanda na kushuka sawa na ya mbele, kompyuta hutambua kwamba masega yamekufa au yameondolewa, na huwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Msimbo wake wa kawaida ni P0420.

Afrika Mashariki na petroli yenye risasi

Kwa miaka mingi petroli iliyouzwa Afrika Mashariki ilitiwa risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo hutoka na moshi na kujipaka juu ya platini. Utando huo huziba vitundu vya elektrodi na kuua uchochezi, katika kihisi na katika masega pia. Japani ilikuwa imeacha petroli yenye risasi mapema, na magari yake yalitengenezwa kwa kudhani hakuna risasi. Yalipoingizwa katika nchi ambazo bado ziliuza petroli yenye risasi, kihisi na masega viliharibika muda mfupi baada ya gari kuanza kujaza mafuta hapa. Masega yaliyoziba huzuia moshi na kuifanya injini ikose nguvu, kwa hiyo dawa iliyokuwa karibu ilikuwa kuyaondoa.

Mwezi Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, na kukubaliana kuondoa risasi katika petroli. Kufikia Januari 2006 nchi hizo, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilikuwa zimeacha kuiuza. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, liliratibu kazi hiyo duniani. Nchi ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Kusudi la kwanza la hatua hiyo lilikuwa afya, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa watoto. Lakini pia iliondoa sababu ya kemia iliyokuwa ikiua vihisi na masega.

Desturi ya kuondoa masega haikuisha pamoja na risasi. Gari lisilo na masega huendelea kwenda, na mwenye nalo haoni hasara mara moja. Kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni hutoka bila kusafishwa, na wanaozivuta ni wapita njia, wauza bidhaa wa kando ya barabara na abiria wa vituoni. Kihisi kilichokufa kina gharama ya pili: kompyuta hurudi kwenye makadirio, mara nyingi kwa kuzidisha petroli, na mwenye gari hulipa kila anapojaza tangi.

Gesi ya Songo Songo

Wilaya ya Kilwa, ambayo makao yake makuu ni Kilwa Masoko, ina kisiwa cha Songo Songo, mahali gesi asilia ilipogunduliwa mwaka 1974. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba linalopita Somanga, hasa kwa ajili ya kuzalisha umeme. Sehemu yake hushindiliwa katika mitungi na kutumiwa na magari na bajaji. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa kwa petroli na kuongezewa mfumo wa gesi baadaye.

Karibu gesi yote hiyo ni methani, na methani inahitaji hewa zaidi kuliko petroli. Gramu 16 za methani (CH₄) zinahitaji gramu 64 za oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni asilimia 23.2 ya uzito wa hewa, hewa inayohitajika ni gramu 276 hivi. Uwiano ni 17.2 kwa 1, sio 14.7.

Kihisi hakihitaji kujua dereva amechagua mafuta gani. Hakipimi petroli wala gesi. Hupima oksijeni iliyobaki. Katika mifumo ya kisasa ya gesi, ishara ya kihisi kilekile cha gari ndiyo inayosahihisha kiasi cha gesi hadi λ ifike 1. Gari lenye kihisi kilichokufa likifungwa mtungi wa gesi hubeba ubovu wake hadi kwenye mafuta mapya. Kwa sababu hiyo kihisi na kipasha joto chake vinafaa kupimwa kabla ya kufunga mfumo wa gesi.

Vitu vinavyoharibu kihisi

Mbali na risasi, kihisi huharibiwa na:

- Silikoni kutoka gundi ya gasketi isiyo ya aina inayofaa vihisi. Ikiungua huwa utando mweupe kama kioo juu ya kauri.
- Fosfori na viungo vingine vya oili, injini ikiwa inakula oili kwa sababu ya ringi au sili za valvu zilizochakaa.
- Maji ya rejeta yanayoingia katika silinda kwa gasketi iliyopasuka.
- Masizi meusi ya mchanganyiko mzito. Haya mara nyingi huungua yenyewe chanzo kikirekebishwa.
- Maji ya nje. Gari lenye ekzosi ya moto likiingia dimbwi kubwa, kauri inaweza kupasuka.
- Chumvi. Katika miji ya pwani hewa ya bahari hushika kutu pini za plagi na kuongeza ukinzani, hata kama kihisi chenyewe ni kizima.

Kipasha joto kwa kawaida hufa kwa waya wake wa ndani kukatika. Misimbo inayohusika ni P0135 kwa kihisi cha mbele na P0141 kwa cha nyuma, katika injini yenye safu moja ya silinda. Kabla ya kununua kihisi kipya ni muhimu kukagua fyuzi na rilei, kwa sababu fyuzi iliyoungua hutoa msimbo uleule.

Kupima na kubadilisha

Msimbo unaotaja mchanganyiko mwembamba (P0171) au mzito (P0172) si ushahidi kwamba kihisi kimekufa. Mara nyingi kihisi kinasema kweli: mpira wa hewa umepasuka, pampu ya petroli ni dhaifu, nozeli inavuja au ekzosi ina tundu kabla ya kihisi. Kubadilisha kihisi katika hali hiyo ni kumfukuza mleta habari, na taa hurudi.

Kipimo cha kwanza ni cha kipasha joto. Gari likiwa limepoa, plagi huchomolewa na ukinzani kati ya waya mbili za kipasha joto hupimwa kwa mita. Aina nyingi huonyesha omu chache, kati ya 2 na 15. Kipimo kamili hutafutwa katika kitabu cha gari husika. Mita isiposoma chochote waya wa ndani umekatika. Kisha huangaliwa kama umeme wa betri unafika kwenye plagi upande wa gari, injini ikiwa inanguruma.

Kipimo cha pili ni cha ishara. Injini ikiwa na joto, kihisi cha mbele cha kawaida kinapaswa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa katika kila sekunde 10. Kikikaa mahali pamoja, mchanganyiko hubadilishwa kwa makusudi, kwa mfano kwa kuchomoa mpira wa hewa, ili kuona kama kitaitikia. Hutumika mita ya dijiti; taa ya kupimia huvuta mkondo mkubwa kuliko uwezo wa kihisi. Kihisi cha upana hakipimwi hivi, bali kwa mashine ya uchunguzi.

Kihisi hufunguliwa bomba likiwa na vuguvugu, kwa soketi yenye mwanya wa kupitisha waya. Nyuzi za kihisi kipya hupakwa kidogo grisi maalumu isiyoshika kwa joto, bila kugusa ncha, kisha hukazwa kwa nyutoni-mita 40 hadi 50 hivi. Kihisi kilichoanguka sakafuni kinaweza kuwa na ufa usioonekana, kwa hiyo hakifai kufungwa kabla ya kupimwa.

Matumizi mengine

Kauri ya zirikonia yenye kipasha joto hutumika pia kupima moshi wa boila na matanuri ya viwandani, ambako hewa pungufu hupoteza mafuta na hewa nyingi mno hupoteza joto. Pikipiki mpya zenye mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta nazo huwa na kihisi cha oksijeni; zile za kabureta, zikiwemo bodaboda nyingi za Afrika Mashariki, kwa kawaida hazina.